Antena mbili juu ya Scania ya mtumba: dereva wa lori bado anahitaji redio ya CB, au fundi azing'oe?

#1 Kona ya Usagara

Habari wakuu. Mwangaluka kwa wa huku kwetu.

Mwezi uliopita nimepokea kichwa cha Scania, mtumba wa Uingereza, usukani upande wetu. Kabini safi, kitanda hakijachoka. Sasa juu ya kioo cha mbele, kwenye zile droo, kuna redio ndogo yenye maiki ya waya wa kujikunja kama wa simu za mezani za zamani. Kwenye vioo vya pembeni kuna antena mbili ndefu zenye springi chini. Nilipolipeleka gereji hapa Nyakato fundi akasema hizo ni redio za CB, za madereva wa Kizungu kupigia soga, ning'oe zote, tundu niweke redio ya muziki. Utingo wangu naye analalamika kwamba kila tukiingia kijijini kupakia mpunga antena zinachapa matawi ya miembe na wenye miembe wanatoka na maneno.

Ruti zangu ni Mwanza–Dar, mara chache Rusumo. Kuna mtu anazitumia hizi Bongo? Dereva wa leo mwenye simu mbili mfukoni anazihitaji kwa lipi? Naomba majibu ya waliozishika, si ya waliozisoma.

#2 Ngoja Waje

Ngoja waje wataalamu. Siti ya mbele, karanga ninazo.

#3 Mzee wa Sekenke

Ng'oa.

Barabara hii nimeianza nikiwa utingo mwaka 1994, wakati mvua ikinyesha mnalala njiani siku tatu mnapika ugali chini ya tela. Hadi leo sijahitaji redio kumwambia mwenzangu kitu. Tuna taa. Ukipishana na mtu akakupiga fulu mbili, mbele kuna tochi, punguza. Uko nyuma ya semi huoni mbele: likiwasha indiketa ya kushoto, pita. Likiwasha ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Ukikuta matawi yamelazwa kwenye lami, kuna mwenzio kaharibikiwa kona inayofuata. Lugha hiyo haina bando wala antena, na Msukuma, Mkongo, Mnyarwanda wote wanaielewa.

#4 Fundi Rewaindi

Mzee wa Sekenke shikamoo. Taa inamfikia unayemwona tu. Kona za Sekenke unazozijua wewe, anayepanda na anayeshuka hawaonani mpaka wameshakaribiana pua kwa pua.

Mleta uzi, CB (Citizens Band, yaani redio ya mawasiliano ya raia wa kawaida) inatumia megahezi 27. Chaneli 40 za kawaida zinaanzia 26.965 hadi 27.405. Nguvu yake wati 4 tu, wakati balbu moja ya indiketa yako inakula wati 21. Lori kwa lori kwenye tambarare utapata kilomita 5, ukibahatika 10. Haina mnara, haina vocha. Unabonyeza unaongea, unaachia unasikiliza, na kila aliye kwenye chaneli hiyo anakusikia hata kama hamjawahi kuonana.

Ila kabla hujawasha: lori ni volti 24, na redio nyingi za CB ni za volti 12. Yule Mzungu lazima alipitisha waya kwenye kipunguza volti. Kama fundi wako ameshachezea waya, usiwashe kabisa. Na usibonyeze maiki antena ikiwa imechomolewa, utaunguza transista ya mwisho.

#5 Kona ya Usagara

Shukrani Fundi, ila umechelewa. Jana aliichomoa akaiunga moja kwa moja kwenye waya wa taa ya kabini ili "aipime". Ilitoa moshi kidogo ikazima. Aliniambia ni vumbi la Uingereza linaungua.

#6 Binti Kirumba

Hahahaa vumbi la Uingereza! Hapo bado hujaletewa bili ya kulifuta.

#7 Mbeba Boksi wa Texas

Salaam kutoka mbali. Mzaliwa wa Mkuyuni, niko Texas mwaka wa tisa naendesha semi, kwa hiyo nimezishika.

Nilipoanza, mzee aliyenifundisha kazi alisema nunua vitu viwili: buti na CB. Chaneli 19 ni ya madereva, 9 ya dharura. Huku redio hizi zilivuma baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973. Serikali ilipoweka mwendo wa mwisho maili 55 kwa saa, madereva wakawa wanaambiana wapi kituo kina mafuta na wapi polisi wamejificha. Ikawa fasheni ya nchi nzima. Hata Betty Ford, mke wa rais, alikuwa na jina lake la hewani, First Mama. Mwaka 1977 chaneli zikaongezwa kutoka 23 hadi 40, na 1983 leseni ya mtu mmoja mmoja ikafutwa.

Leo? Unaweza kuendesha saa nzima usisikie mtu, halafu wanaibuka wawili wanatukanana siasa. Vijana wengi wanaoanza kazi hawana. Lakini ikitokea ajali mbele, chaneli 19 inafufuka. Simu inakwambia foleni dakika 40. Jamaa anayetoka upande wa pili anakwambia ni leni gani imefungwa, trela limelala vipi, na kama kuna pa kuchepukia. Halafu kuna hili: tangu 2012 dereva wa lori akikamatwa ameshika simu mkononi faini inaweza kufika dola 2,750, ila maiki ya CB haimo kwenye katazo hilo.

Ushauri wangu usiing'oe. Weka 19 utasikia wenzio.

#8 Mzee wa Sekenke

Wenzie wapi? Akiweka 19 pale Igunga atamsikia nani, mbuzi?

#9 Fundi Rewaindi

Mzee ana hoja, na mimi nina nyingine. Mbeba Boksi, 19 ya kwako si lazima iwe 19 ya redio ya Kona. Uingereza waliporuhusu CB mwaka 1981 walijipangia chaneli zao 40, kuanzia 27.60125 hadi 27.99125, tena kwa FM. Huko kwenu ilikuwa AM miaka yote, FM imekubaliwa 2021. Redio nyingi za Ulaya za siku hizi zina swichi ya kuchagua nchi, ila mbili zikisetiwa tofauti zinaweza kukaa bampa kwa bampa zisisikizane.

#10 Binti Kirumba

Niongee kama mwenye mzigo. Napakia dagaa Mwaloni hapa Kirumba, mwingine unaenda Congo. Mimi dereva nampigia simu, kwisha. Tuna kundi la WhatsApp la madereva, mawakala na vibarua, mtu anarusha sauti "mizani ya fulani foleni ndefu", wote tunajua. Lokesheni ya gari naiona nikiwa nimekaa juu ya magunia. Hiyo redio ya kilomita tano itanisaidia nini mimi niliye Kirumba na gari liko Nyakanazi?

Na tusisahau hayo magari ya transit yanafuatiliwa na TRA kwa mfumo wa kielektroniki. Kila mtu anajua gari liko wapi.

#11 Utingo Mstaafu

Binti Kirumba dada yangu, umejibu swali la mwenye mzigo. Kona kauliza la dereva. Wewe unataka kujua gari liko wapi. Dereva anataka kujua nini kiko nyuma ya kona.

Kisa changu. Tulikuwa tunatoka Biharamulo kwenda Nyakanazi usiku, miaka ile mabasi yanasindikizwa na askari wenye silaha kwa sababu ya majambazi porini. Mbele yetu fuso, nyuma semi mbili. Fuso likasimama ghafla katikati ya barabara. Ni jambazi? Ni pancha? Ni tembo? Tuko magari manne, kila mmoja ana simu, na hakuna aliyekuwa na namba ya mwenzake. Tulikaa taa zimezimwa dakika ishirini tunaogopana sisi kwa sisi. Kumbe dereva wa fuso tumbo limemkata, kaingia msituni.

Namba ya mgeni aliye mbele yako hakuna kundi la WhatsApp litakupa.

#12 Ngoja Waje

Utingo hapo umenimaliza, karanga zimenipalia.

#13 Omena Express

Habari ndugu zetu. Mimi ni wa Migori, hubeba samaki kutoka huko kwenu kuenda Nairobi kupitia Sirari. Samaki iko na barafu, barafu haingoji mtu, kwa hivyo habari ya barabara ni pesa.

Sisi tulijaribu Zello, ile ya simu ambayo unabonyeza ndiyo uongee kama redio. Ilikuwa tamu miezi miwili. Shida ni data, na pale network imepotea inakuwa mapambo tu. Halafu mwenye kampuni akaingia kwa hiyo chaneli bila kusema. Jamaa mmoja akasikika akieleza vile ameuza dizeli njiani. Kesho yake kila mtu alirudi kwa taa.

#14 Mzee wa Sekenke

Hahahaa, Omena umesema kweli ambayo wengine wanaizunguka. Hizi redio hazikushika huku kwa sababu tajiri hataki dereva aongee na dereva. Wakiongea watalinganisha posho.

#15 Sharubu

Naingia kidogo. Naendesha watalii, naingia Serengeti kwa geti la Ndabaka pale karibu na Lamadi. Sisi redio ndiyo kazi. Mtu akimwona simba anatangaza kwa mafumbo ili mgeni asielewe akaanza kudai, ndiyo maana mimi naitwa Sharubu. Simu zipo, lakini huwezi kumpigia kila dereva aliye mbugani. Unabonyeza mara moja, gari kumi zinasikia.

Ila msichanganye, zetu ni VHF, masafa ya juu zaidi ya hayo ya CB, zinafungwa na kampuni kwa masafa iliyopewa kibali. CB ya Kona haiwezi kuongea nasi hata tukipaki jirani.

#16 Kapteni wa Mtumbwi

Kona, kama unang'oa nipe hizo antena nifunge kwenye boti. Natoka Mwanza kwenda Ukerewe na visiwa vya mbele, nitaongea na meli.

#17 Fundi Rewaindi

Kapteni hapana! Majini ni VHF ya vyombo vya majini, chaneli ya wito na dharura ni 16, megahezi 156.8. Ukiita kwa CB ziwani unajiitia mwenyewe. Antena ya CB nayo haitafaa: wimbi la megahezi 27 lina urefu wa mita 11, robo yake ni kama mita 2 na sentimita 70. Hizo za Kona ni fupi kwa sababu zimezungushiwa koili kufidia. VHF ya majini robo yake haifiki hata nusu mita. Na CB inataka bati la gari chini yake kama kioo cha kuegemea, boti ya mbao haina hilo.

Nunua kifaa cha majini kilichoidhinishwa. Ziwa hili limeshatuzika wengi, kuanzia MV Bukoba 1996 hadi MV Nyerere 2018, hapo sifanyi utani.

#18 Kapteni wa Mtumbwi

Wabeja. Nimekuelewa.

#19 Nyuma ya Mizani

Mbona hakuna anayezungumzia sheria? Redio yoyote ya kurusha mawimbi nchi hii inasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kifaa kinatakiwa kiidhinishwe na masafa yana utaratibu. Kuikuta kwenye gari la mtumba si kibali. Kona, ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapo hapo Mwanza, nenda na namba ya modeli uulize kabla hujaanza "breki breki" barabarani. Trafiki akiuliza hiyo maiki ni ya nini utamjibu karaoke?

Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu haikushika. Marekani walifuta leseni, ikawa ya kila mtu. Huku "redio koli" tangu zamani ni kitu cha polisi, hospitali za misheni na mbuga. Mtu wa kawaida akiwa nayo anatazamwa kama jasusi.

#20 Mbeba Boksi wa Texas

Nyuma ya Mizani, inawezekana, lakini mimi naona ni muda. CB ilikua huku wakati hakuna simu ya mkononi. Nyumbani barabara ya lami ya kueleweka na simu ya mkononi vimekuja karibu pamoja. Redio haikupata nafasi ya kuzaliwa.

#21 Utingo Mstaafu

Na mimi naongeza: kabini ya Mzungu ina mtu mmoja. Ndiyo maana anatafuta wa kuongea naye. Kabini yetu ina dereva, utingo, abiria wawili wa "nisogeze hapo Nzega" na kuku. Upweke unatoka wapi?

#22 Binti Kirumba

Na kuku!

#23 Nje ya Rusumo

Jamani nimesoma yote, nina marekebisho kwa Mzee wa Sekenke, kwa heshima. Umesema indiketa Mnyarwanda anaielewa. Anaielewa kinyume. Rwanda, Burundi na Congo wanaendesha kulia, kwa hiyo wao wanapita kwa kushoto. Lori la kwao likiwa nyumbani, indiketa ya kushoto maana yake "usinipite, upande huo hauko wazi". Ukivuka Rusumo unabadili upande wa barabara na kamusi yote inageuka nayo.

Mimi mwaka juzi karibu na Kahama nilikuwa nyuma ya semi lenye usukani wa kushoto. Likawasha kushoto. Nikachomoka. Nikakutana na basi. Namshukuru Mungu bega la barabara lilikuwa pana. Nilipomfikia kule mbele nikamuuliza, akaniambia kwa Kiswahili cha Congo, "Nilikukataza!"

#24 Mzee wa Sekenke

Hilo nimekubali. Mimi nikiona usukani wa kushoto siamini indiketa yake, lakini ni kweli kijana mgeni hatajua. Basi na redio nayo, atamkataza kwa lugha gani? Kilingala?

#25 Nje ya Rusumo

Angalau angesema "hapana". Hiyo wote tunaijua.

#26 Jabali la Capri Point

Niongeze kitu ambacho sijaona mtu akikigusa. Kwa sisi wa njia ya Geita, redio yetu ilikuwa foleni ya kivuko. Pale Kigongo unapanga mstari saa mbili, saa tatu, siku mbaya zaidi ya hapo. Unakula sato, unakunywa chai, aliyetoka Rusumo anakueleza forodha ikoje, aliyetoka Bukoba anakueleza kilima gani kina lori limelala. Hakuna aliyekuja pale kutafuta habari ila kila mtu aliondoka nazo.

Juni 2025 daraja likafunguliwa. Kilomita 3 za zege, unavuka dakika chache bila kumsalimia mtu. Silalamiki, foleni ile ilituozesha nyanya na wagonjwa walikufa wakisubiri upande wa pili. Lakini tangu hapo nafika Geita sijui lolote lililo mbele yangu. Nimejikuta nasimama Sengerema bila sababu, eti kunywa soda, nasubiri mtu wa upande wa pili aje aseme kitu.

#27 Utingo Mstaafu

Sato wa Kigongo... umenikumbusha mama mmoja, alikuwa anakaanga huku anatukana foleni kwa Kisukuma safi. Sijui kahamia wapi.

#28 Binti Kirumba

Wengine wamehamia Usagara, wengine wamerudi kulima. Tuendelee na uzi jamani.

#29 Kona ya Usagara

Wakuu, mrejesho. Redio nimempelekea Fundi Rewaindi, kumbe kibanda chake nakipita kila siku. Aseme mwenyewe.

#30 Fundi Rewaindi

Ilikuwa na bahati. Fyuzi ilikatika na daiodi ya ulinzi ikajitoa kafara, ndiyo ule moshi. Daiodi ni ya bei ya soda. Nimebadilisha, nimefunga kipunguza volti. Kurusha nimemkataza mpaka apate majibu ya TCRA, kwa hiyo maiki nimeichomoa nikamfungia kwenye mfuko.

Antena: watu wanadhani mbili zinaongeza umbali mara mbili. Haziongezi. Zinavuta mawimbi mbele na nyuma ya gari, kule barabara inakoelekea, na zinasaidia tela refu lisizibe upande mmoja. Na ili zifanye kazi hiyo sawasawa zinatakiwa ziachane karibu mita 2.7, wakati lori lenyewe upana wake ni kama mita 2.5. Nusu ya antena mbili za malori unazoona picha za Marekani ni pambo, kama yale masikio ya bodaboda.

Siku ya kurusha ikifika tutapima SWR, kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Kebo, antena na bati la gari visipokubaliana, nguvu inarudi kwenye redio badala ya kwenda hewani. Chini ya 1.5 ni nzuri, ikifika 3 usibonyeze. Mita ikisoma juu chaneli ya 1 kuliko ya 40, antena ni fupi. Kinyume chake ni ndefu, unapunguza kidogo kidogo. Wengi wanafunga antena kwenye bomba lenye rangi na kutu, bati haligusani na bati, halafu wanasema redio mbovu.

#31 Kona ya Usagara

Sasa sikieni hili. Juzi nimepaki Buhongwa nasubiri kupakia, saa kumi jioni, nimeiwasha kusikiliza tu. Kelele, kelele, kama mafuta yanakaanga. Halafu sauti za watu! Wanaume wawili wanaongea haraka haraka kama wanagombana, lugha siijui, kama Kihispania au Kitaliano. Dakika kumi hivi, wakafifia wakapotea. Utingo wangu alishuka kwenye gari na hajarudi kulala humo tangu siku hiyo.

#32 Sangara Mkavu

Hao ni Wachina wa reli ya SGR. Wako na redio za mkononi kila mahali njia ya Isaka.

#33 Fundi Rewaindi

Za mkononi za saiti kwa kawaida ni UHF, ziko mbali kabisa na 27. Na Kona kasema Kihispania, si Kichina.

Hiyo inaitwa skipu. Mawimbi ya megahezi 27 jua likiwa na nguvu yanagonga tabaka la juu la anga yanadunda kurudi chini maelfu ya kilomita mbali. Jua lina mzunguko wa kama miaka 11, huu wa sasa ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba limeingia kipindi cha kilele. Ndiyo maana wati 4 za mtu wa Ulaya zinafika Buhongwa wakati haziwezi kuvuka mji wake mwenyewe.

#34 Kapteni wa Mtumbwi

Fundi nakuheshimu lakini sisi wa majini tunajua sauti inatembea juu ya maji. Usiku ukiwa katikati ya ziwa unasikia ngoma ya Ukerewe kama iko kwenye boti. Hilo ni ziwa limebeba sauti.

#35 Fundi Rewaindi

Hiyo ni sauti ya hewa, Kapteni. Redio ni kitu kingine.

#36 Mzee wa Sekenke

Mimi siamini jua wala ziwa. Huyo Mzungu wa Scania ana vitu vyake kaviacha humo. Kabla hujanunua gari la mtumba uliza mwenyewe alikufaje.

#37 Mbeba Boksi wa Texas

Mimi hapa Texas mchana wa jua kali nasikia watu wanaongea Kireno, nahisi ni Brazil. Inatokea. Ila Fundi, kuna ambao wanachomeka mashine za kukuza nguvu, wati mia na kuendelea, kinyume cha sheria. Si lazima wawe wati 4.

#38 Fundi Rewaindi

Sawa, hilo pia linawezekana. Au yote mawili.

#39 Nyuma ya Mizani

Au ni chombo cha kigeni Bahari ya Hindi. Meli za uvuvi nazo zina redio za kila aina.

#40 Sharubu

Kona, rekodi kwa simu siku nyingine uturushie, kuna watalii Wahispania naongozana nao wiki ijayo, nitawauliza.

#41 Kona ya Usagara

Nimejaribu siku nne mfululizo saa kumi ile ile. Kukaanga mafuta tu. Ila jana nikiwa natoka Misungwi nikasikia mtu anapuliza kwenye maiki mara tatu, karibu kabisa, kama yuko gari la nyuma. Nyuma yangu kulikuwa na DAF nyeupe yenye antena kama yangu. Sina maiki, nimfanyeje? Nikawasha indiketa ya kushoto mara mbili. Akanipita, akapiga honi, akapotea.

#42 Mzee wa Sekenke

Kwa hiyo ulimjibu kwa taa. Asante.

#43 Jabali la Capri Point

Kwa hiyo yuko mwingine! Kona, namba za hiyo DAF uliziona?

#44 Kona ya Usagara

Vumbi. Na antena yangu moja imebaki kwenye mwembe wa watu kule Magu, kwa hiyo sasa ninayo moja. Utingo kafunga bendera ya Yanga juu yake. TCRA naenda Jumatatu nikirudi salama.

#45 Omena Express

Bendera itaharibu SWR ama?

#46 Fundi Rewaindi

Ya Yanga itaharibu, ya Simba haina shida.

#47 Ngoja Waje

Wakuu, kwa hiyo ang'oe au asing'oe? Karanga zimeisha.

#48 Binti Kirumba

Kona, ukishusha Dar unarudi na nini? Nina nyavu na maboya Kariakoo, tani kama tano, natafuta gari la kurudi. Njoo inboksi na bei ya kibinadamu.